Hakimu wa Madirishani

Kama ulitaka kunyolewa vizuri, ulikaa kiti cha kushoto, kwa kinyozi aliyeitwa Kimya. Kama ulitaka kujua wimbo gani wa wiki hii ni wimbo na upi ni kelele, nani kwenye tamthilia ya jioni atamwacha nani, na kwa nini yule mchezaji mpira aliyepaka nywele rangi ya dhahabu hatafunga tena bao maishani mwake, ulikaa kiti cha kulia, ukamkabidhi Hakimu kichwa chako, ukamwomba Mungu akirudishe kama kilivyokuwa.

Hakimu hakuwa hakimu wa kweli. Mahakamani alifika mara moja tu, kumnyoa mlinzi wa getini. Jina alipewa na wateja kwa sababu mdomoni mwake hamkuwa na neno "labda". Akisema wimbo haufai, watu wazima na ndevu zao waliuacha, hata wale walioamka wakiuimba bafuni. Akisema mwigizaji fulani analia kwa kitunguu, hakuna aliyemwamini tena yule mwigizaji, hata akifiwa kweli. Mwenye saluni alijua kwamba kwa mkono wake Hakimu asingepata kazi hata ya kunyoa kondoo. Ila benchi la kusubiria lilikuwa limejaa siku zote, na nusu ya waliokaa pale hawakuhitaji kunyolewa. Kiti cha kulia kilikuwa kinalindwa na mdomo.

Sasa nikunong'oneze. Huyu bwana mkubwa wa hukumu, nyumbani kwao hakukuwa na televisheni. Ilikuwepo, ikafa siku nyingi, na mama yake akaweka juu yake chombo cha maua ya plastiki na kitambaa cha kufuma. Mama huyo ana kichwa kinachouma akisikia hata kijiko kimeanguka, kwa hiyo habari ya fundi haikutajwa. Simu ya Hakimu nayo ilikuwa ya kupigia na kupigiwa, basi.

Yote aliyoyajua aliyapata kwa miguu. Saluni na kwao ni mwendo wa kutosha kabisa kuchosha viatu, na yeye alipenda kutembea, mikono mfukoni, shingo mbele kama jogoo. Jioni mji huwasha taa na kusahau mapazia. Kwa fundi matairi alipata mwanzo wa tamthilia. Kwenye duka la makochi alipata wimbo unaovuma, vile wanavyoucheza. Lakini ukumbi wake hasa ulikuwa duka la dawa: kioo kipana kutoka ukuta hadi ukuta, na juu ya rafu za vidonge televisheni kubwa, imeinamishwa kidogo kama inamsalimia mpita njia. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na nguzo ya umeme yenye taa iliyoungua. Hakimu aliegemeza bega pale mpaka tamthilia iishe.

Sauti haikumfikia. Basi maneno aliyatia mwenyewe. Midomo ikicheza kule ndani, na yake inacheza huku nje, mume kwa sauti nzito, mke kwa sauti ya pua, na asubuhi saluni nzima inasikiliza.

Hata starehe za Jumamosi alizila hivyo hivyo. Kimya aliingia kwenye ukumbi wa muziki, akacheza mpaka shati likamganda mgongoni. Hakimu alibaki nje, sikio kwenye tofali. "Ukuta unachuja," alisema. "Kinachopita ukutani ndio muziki. Kilichobaki ndani ni jasho." Na bendi ilihukumiwa bila kuonana na hakimu wake.

Mambo yangeendelea hivyo mpaka uzee kama asingekuja fundi friji kuchonga ndevu.

Huyu fundi friji ni pande la mtu, anabeba friji mgongoni kama wewe unavyobeba mtoto. Alikaa, akafungwa shuka shingoni, akapakwa povu, akainua kidevu. Hakimu akatia wembe mpya, akaanza chini ya sikio.

"Hakimu, leo nina kesi," fundi akasema, midomo haifunguki vizuri.

"Lete."

"Mdogo wangu wa kike, yule anayeuza kwenye duka la dawa."

"Duka nalijua. Yeye simjui."

"Kuna mtu anamsimamia. Kila jioni. Giza likianza tu, huyo, kwenye nguzo ng'ambo, anamkodolea macho mpaka atosheke. Halafu anaongea peke yake."

Wembe ulisimama kwenye koo. Fundi hakujua ni kwa nini, akadhani ni heshima ya kesi.

"Anaongea?"

"Midomo inakwenda. Mdogo wangu anasema ni kama mtu anayemsomea kitu. Uchawi au mapenzi, hajui kipi kibaya zaidi."

Benchi likacheka. Mashine ya Kimya, iliyokuwa inanguruma kwenye kisogo cha mteja, ikanyamaza.

"Msicheke," fundi akasema. "Binti wa watu hali chakula. Jioni anasindikizwa na mlinzi wa jengo la pili kama mfungwa. Juzi kampa mzee dawa isiyo yake, mikono inamtetemeka, bahati mzee anajua kusoma. Bosi wake kamwambia, ikitokea tena, aende akatetemekee kwao. Sasa wewe sema. Mtu kama huyu afanywe nini?"

Benchi zima likageuza shingo. Kwenye kioo Hakimu aliona nyuso zote zinamsubiri, na katikati yake uso wake mwenyewe, ambao haukuwa na rangi nzuri. Hapo ndipo mtu mwingine angesema, jamani, ngojeni kwanza. Lakini mdomo wa Hakimu ulikuwa umezoea kutangulia kazini.

"Mtu mwenye nia njema hajui mlango ulipo?" akasema. "Anaingia, anasalimia, ananunua hata pipi ya kikohozi. Huyo ashikwe. Akishikwa, anyolewe upara mbele za watu. Nyusi na zote."

Benchi likapiga makofi.

"Na wewe ndiye utakayemnyoa," fundi akasema kwa furaha. "Ijumaa tunamvizia. Mimi, mlinzi, na wewe. Njoo na mashine ile ya betri."

"Ijumaa?" mmoja benchini akadakia. "Ijumaa si ndiyo mwisho wa tamthilia? Hakimu, Jumamosi tunataka hukumu kamili. Yule mama mwenye kitambaa chekundu kamtilia sumu mwanaume, au hakumtilia?"

Hakimu alisema watajua Jumamosi. Kisha akamkata fundi friji kidogo, chini ya kidevu, akasingizia kipele.

Jioni saluni ilipofungwa, Kimya alikuwa anafagia nywele. Kimya ni mtu wa kukohoa mara mbili kabla ya neno moja.

"Nguzo ya duka la dawa," akasema. "Si njia yako ile?"

"Njia ni ya watu wengi."

"Televisheni yenu imepona?"

"Mama kaweka maua."

"Haya," Kimya akasema, akaendelea kufagia. Baadaye, ufagio ukiwa mlangoni, akaongeza, "Mwambie fundi."

"Nimwambie nini? Kwamba huyo mchawi ndiye anayemnyoa? Mama gani ataleta mtoto kwenye kiti changu baada ya hapo? Na nikisema nilikuwa natazama televisheni, wataniuliza kwa nini sitazami kwetu. Kimya, mimi hapa sina kitu kingine. Wewe una mkono."

Kimya hakubisha. Hilo nalo liliuma.

Siku mbili zilizobaki kufika Ijumaa Hakimu alipita njia ya nyuma, kwenye maghala yaliyofungwa, mahali ambapo hata mbwa anatembea akigeuka. Hakuona tamthilia, hakuona wimbo. Kila mtu aliyepishana naye, Hakimu alitangulia kumsalimia kwa sauti, ili ajulikane kuwa ni mtu wa kawaida, na walioitikia waliongeza hatua. Kitandani alijigeuza kama chapati. Alijaribu kumkumbuka yule dada wa duka la dawa, sura yake, kimo chake, akakuta hana kitu. Mbele ya macho yake kulikuwa na kioo, televisheni, na chini ya televisheni kitu cheupe kinachopita huku na huku. Kwa muda wote ule alikuwa anamwona kama pazia.

Akawaza kutokwenda Ijumaa. Lakini asipokwenda, na mtu wa nguzo naye asitokee, hata fundi friji, ambaye kichwa chake ni cha kubebea mizigo, angejumlisha. Akawaza kuumwa. Mama yake akaanza kumchemshia maji, ikabidi apone.

"Mwanangu, una nini?" mama akamuuliza gizani. "Unahema mpaka kichwa kinaniuma."

"Kazi, mama."

"Kunyoa?"

Akajifunika shuka.

Ijumaa wakajibanza nyuma ya gari bovu lililolala upande ule ule wa nguzo, kando yake tu. Fundi friji alishika tochi. Mlinzi alishika rungu lake na kunusa tumbaku. Hakimu alishika mfuko wenye mashine. Fikiria shida ya mtu huyu: anamvizia mtu, mtu mwenyewe ni yeye, na anaomba asitokee.

"Atakuja," fundi akanong'ona. "Mtu wa tabia haachi tabia."

"Labda kaacha," Hakimu akasema. Lilikuwa neno geni kinywani mwake.

Ubaya wa mahali walipojificha ni kwamba palikuwa pazuri mno. Kioo chote kilionekana. Kule ndani yule dada alikuwa anahesabu vidonge, kila mara anainua kichwa kutazama nguzo, anainamisha tena. Na juu yake tamthilia ikaanza.

Hakimu aliapa moyoni kutotazama. Akatazama viatu vyake. Akatazama rungu la mlinzi. Alipoinua macho kidogo tu, yule mama wa kitambaa chekundu alikuwa anapanda ngazi na glasi mkononi, polepole, na mgonjwa yuko kitandani amefumba macho. Gurudumu la gari bovu likamkingia kona ya kioo. Hakimu akasogea hatua. Mlango wa chumba cha mgonjwa ukafunguka. Akasogea tena.

Ndugu yangu, miguu ya mtu ina akili yake. Miguu ya Hakimu ilimtoa nyuma ya gari, ikampeleka mpaka nguzoni, bega likakaa mahali pake, shingo ikalala upande, na midomo ikaanza: "Kunywa mume wa mwanangu, kunywa tu, ni maziwa."

"Hakimu," fundi akanong'ona nyuma yake. "Rudi huku, utamfukuza."

Hakusikia. Kule ndani kopo la vidonge lilianguka, vidonge vikatawanyika sakafuni. Yule dada alikuja mpaka mlangoni, akaufungua kidogo, mkono mmoja kwenye komeo.

"Kaka," aliita kwa sauti ndogo. "Ndiye huyo. Mshikeni."

Fundi friji akatoka nyuma ya gari akicheka. "Huyu? Huyu ni Hakimu, yuko na sisi. Ndiye kinyozi wangu."

"Ndiye. Bega lile lile. Midomo ile ile."

"Umechoka wewe. Umeogopa mpaka kila mwanaume unaona ni yule. Nilikwambia mapema upumzike siku mbili."

Mlinzi naye akakohoa, akajitia busara. "Hata mimi nilishafikiri, kusema kweli. Taa ile ikiungua, kivuli cha nguzo kinaweza kuwa mtu."

Hapo Hakimu alizinduka, akaona alipo. Akaona pia kwamba mlango wa kuponea umefunguliwa mbele yake, mpana, na hakuna hata wa kumsukuma. Kilichotakiwa ni kucheka kidogo, aseme pole dada, waende zao. Jumamosi angekaa kwenye kiti chake kama kawaida. Moyo ulimdunda mpaka akaogopa watadhani mashine ya betri imejiwasha mfukoni.

Alitazama upande wa mlango. Taa za duka zilikuwa nyuma ya yule dada, hakuona sura, aliona mikono tu, inakunja na kukunjua upindo wa koti jeupe. Yule dada hakubisha tena. Alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayeyauliza macho yake mwenyewe kama bado ni mazima. Kesho angetetemeka zaidi, maana leo ameambiwa na watu wawili kwamba anaona visivyokuwepo.

"Ni mimi," Hakimu akasema.

Kicheko cha fundi kilikatika katikati. "Unasemaje?"

"Ninayesimama hapa ni mimi. Lakini simtazami yeye. Natazama ile." Akaonyesha juu ya rafu. "Kwetu haipo."

Fundi alimkunja shati kifuani, miguu ya Hakimu ikabaki inatafuta ardhi. Mfuko ukaanguka. "Wewe," akasema, na kilichomuuma kilionekana ni kingine kabisa, "wewe Hakimu huna televisheni?"

"Sina."

"Muongo," mlinzi akasema. "Muongo huyu."

"Mgeuze," yule dada akasema kutoka mlangoni. Sauti ilikuwa bado ndogo, ila ilikuwa imesimama. "Mgeuze atazame barabara." Fundi akamgeuza kama friji. "Haya. Mimi navaa miwani, sivai?"

Hakimu alifikiri mpaka jasho likaingia machoni. "Unavaa."

Havai.

"Kichwani nimefunga kitambaa au nimesuka?"

"Umesuka."

Kitambaa cha bluu, siku zote, ni sheria ya pale dukani.

"Ni mrefu au mfupi mimi?"

"Dada, mbele ya televisheni hufiki," akasema kwa unyonge. "Ungefika ningejua."

Nadhani yule dada alipata nafuu, na papo hapo akaudhika kidogo, maana si jambo dogo kuogopa mtu kiasi kile kumbe hajakuona.

"Basi aeleze tamthilia," mlinzi akasema. Yeye aliifuata kila siku kwenye kibanda chake, na sauti juu. "Kama kweli anaitazama."

Hakimu akaeleza, mgongo ukiwa bado umegeuzwa. Mkwe mwenye kitambaa chekundu anamlisha sumu mume wa binti yake apate kiwanda. Mwanasheria aliyekufa ajalini amefufuka na kuhamia mjini. Msichana wa jikoni anampenda dereva.

"Mkwe gani?" mlinzi akasema. "Yule ni dada wa huyo mgonjwa, ni daktari. Anampa dawa. Mwanasheria hajafufuka, walikuwa mapacha, imesemwa tangu mwanzo. Na dereva ni baba yake yule msichana."

"Baba yake?" Hakimu akasema. Hilo lilimchoma kuliko kukunjwa shati.

"Kumbe," fundi friji akasema polepole, mkono unalegea. "Mwezi mzima nagombana na mke wangu kuhusu sumu. Nilimwambia, wewe huelewi mambo ya ndani." Akaanza kucheka, mlinzi akafuata, wakashikana mabega, wakavunjika mbavu kwenye barabara.

"Nyinyi chekeni," yule dada akasema. "Mimi nalala na taa inawaka. Nimekaa nawaza nimemkosea nani."

Wakaachiana mabega. Hakimu akageuka.

"Dada, nisamehe. Sikuwahi kufikiri kwamba aliye ndani naye anaona nje."

Yule dada aliinama, akaokota vidonge vilivyofika kizingitini, akavitia mfuko wa koti.

"Pale nguzoni usisimame tena," akasema. "Ukitaka kutazama, mlango huu hapa. Unaingia, unasalimia, unakaa benchi la wagonjwa, nakuona."

"Na hukumu?" fundi akauliza, akiokota mfuko wa mashine. "Hukumu alitoa mwenyewe, mbele ya benchi zima. Upara. Nyusi na zote."

Yule dada alimtazama Hakimu vizuri, kwa mara ya kwanza bila kioo katikati.

"Nyusi mwachieni," akasema.

Jumamosi asubuhi Kimya alimnyoa, kwenye kiti cha kushoto, mbele za watu. Upara ulitoka safi sana, maana Kimya ni Kimya. Wateja walicheka mpaka wakafuta macho, na kila aliyeingia alihadithiwa upya kuhusu maziwa na mapacha. Lakini mama mmoja aliyekuja na mwanawe alisikiliza hadithi nusu, akamtazama Hakimu, akamshika mtoto mkono, akatoka naye. Hakimu alimwona kwenye kioo. Siku hiyo kiti cha kulia kilikaa watu wachache, na mwenye saluni alipita mara kadhaa, akakitazama, hakusema neno. Mtu hajui neno kama hilo litakuja lini, na kulingoja ndiyo kazi ngumu.

Nyumbani mama alikuwa amepata habari kabla yake. Alikuwa amekaa mbele ya ile televisheni iliyokufa.

"Ungeniambia tu, mwanangu," akasema. "Ningeondoa maua."

Jumatatu tamthilia mpya ilianza. Hakimu alitoka saluni, akapita kwa fundi matairi bila kugeuza shingo, akapita makochi, akafika ng'ambo ya duka la dawa. Nguzo ilikuwa pale pale, na mtu alikuwa amebadilisha taa. Akavuka barabara. Kwenye kioo aliona kichwa kipya kinang'aa kinamjia, akashtuka, akakumbuka ni chake. Alisimama na mkono kwenye kitasa mpaka bibi mmoja nyuma yake akamuuliza, "Unaingia au unalinda?"

Akaingia. Akasalimia, sauti ikatoka kama ya mtoto aliyetumwa. Yule dada aliitikia, akamwonyesha benchi kwa kidevu, akaendelea na dawa za bibi. Mikono yake haikutetemeka, ingawa aliinua macho mara moja kuhakikisha amekaa.

Hakimu alikaa pembeni kabisa, magoti pamoja, mikono juu ya magoti. Kwa mara ya kwanza akasikia wanavyoongea. Yule mwanaume mwenye kifua kipana, ambaye angempa sauti ya radi, alikuwa na kisauti chembamba kama cha mbu. Ilimuuma. Midomo ikaanza yenyewe kumsahihisha.

"Kaka," yule dada akasema bila kugeuka. "Acha kuongea. Nasikiliza."